Kazi Zisizoonekana: Ipi Yafaa Kufungwa na Ipi Yafaa Kuachwa

Hotuba ya Ofisi ya Hesabu iliyosomwa mbele ya wanachama, Miyuji, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumepewa heshima ya kusema machache katika siku hii ya furaha. Wenzetu waliotangulia wamesema habari za alizeti, za zabibu na za bei, nasi tumewasikiliza kwa makini. Sisi wa Ofisi ya Hesabu hatuna shamba la kusifu wala ghala la kuonyesha. Tunayo kompyuta, na habari tuliyoleta ni ya kompyuta hiyo. Twajua wapo watakaonong'ona kwamba hayo ni mambo ya makarani, nayo hayamhusu mtu anayeamka alfajiri kwenda kupogoa mizabibu. Twawaomba watuvumilie kidogo, maana kilo zao na shilingi zao zilikuwa karibu kupotea siku moja kwa sababu ya kubonyeza kitufe kimoja.

Ilikuwa msimu wa zabibu. Kila mkulima wa Dodoma ajua kwamba mzabibu wetu huzaa mara mbili kwa mwaka, na kwamba zabibu iliyokwisha kukatwa haina subira. Jua la saa sita likiikuta ndani ya kreti, uzito hupungua na mnunuzi huanza kukunja uso. Asubuhi hiyo kreti zilikuwa zimepangwa toka mlangoni petu hadi kando ya barabara. Ndani, makarani wawili waliandika mizigo, kila mmoja katika mashine yake, na mashine ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ilikaa pembeni ikitunza daftari la wote.

Mashine hiyo ya tatu ikawa nzito. Ukiandika jina, herufi zilikuja moja moja kama wazee wapandao mlima. Foleni ikarefuka, watu wakaanza kuguna. Karani mmoja kijana, mwenye bidii, ambaye hatumtaji jina wala hatumlaumu, akafungua orodha ya kazi zilizokuwa zikiendeshwa ndani ya mashine, akaona jina asilolijua, sqlservr.exe, limejitwalia kumbukumbu kuliko majina mengine yote. Akasema, "Huyu ndiye mlaji." Akalikatisha. Mashine ikawa nyepesi kwa kitambo kidogo, kama punda aliyetuliwa mzigo, na mara makarani wawili wakapiga kelele kwa pamoja, maana skrini zao zilikuwa zimekatika.

Jina lile halikuwa la mlaji. Lilikuwa la mtunza ghala. Hiyo ndiyo programu inayotunza daftari zima la mizigo na malipo, nayo kwa tabia yake hujichukulia kumbukumbu nyingi ili isilazimike kurudi diskini kila inapoulizwa swali. Mizigo iliyokwisha kuthibitishwa ilisalimika, kwa kuwa programu za namna hiyo huandika kila badiliko katika kitabu chake cha miamala kabla ya kutangaza kwamba limekamilika. Lakini kurasa mbili zilizokuwa wazi mbele ya makarani, zenye majina na kilo ambazo bado hazijahifadhiwa, zilipotea zote.

Kilichotuokoa ni karatasi. Kila mkulima alikuwa amepewa stakabadhi mizanini, na nakala yake ilibaki kitabuni. Tukaketi hadi usiku tukizisoma nakala hizo moja moja na kuziandika upya. Mama mmoja alisimama mlangoni na stakabadhi yake mkononi, akauliza swali ambalo hatujalisahau: "Wanangu, kama ningalikuwa nimeipoteza hii, nanyi mmepoteza yenu, zabibu zangu zingalikuwa za nani?" Hatukuwa na jibu. Hotuba hii ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Ndugu zetu, yatupasa kwanza kueleza ni kitu gani hasa kilichofungwa siku ile. Programu iliyolala diskini ni kama mbegu iliyo gunia ghalani. Haili wala hainywi. Ikiitwa kufanya kazi, inakuwa kama mbegu iliyopandwa. Yataka ardhi, ambayo ndiyo kumbukumbu ya kazi, na yataka maji, ambayo ndiyo muda wa prosesa. Mbegu hiyo iliyopandwa wataalamu huiita mchakato. Karani aonaye madirisha mawili matatu juu ya skrini aweza kudhani kwamba mashine yafanya mambo mawili matatu. Sivyo. Nyuma ya pazia yaweza kuwapo michakato mia na zaidi. Mmoja hulinda mlango, mmoja hupanga foleni ya kuchapa, mmoja huangalia saa, na mmoja huzungumza na mtandao. Wengi wao hawakuitwa na karani bali waliamka pamoja na mashine yenyewe.

Orodha ya michakato hiyo, katika mashine zetu za Windows, huonekana kwa kubonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Chombo hicho huitwa Task Manager. Aliyekitunga kwanza ni Dave Plummer, mhandisi wa kampuni ya Microsoft, nacho kilitoka katika Windows NT 4.0 ya mwaka 1996. Huonyesha kila mchakato umetumia kumbukumbu kiasi gani, prosesa kiasi gani na diski kiasi gani. Ni chombo chema cha kutazamia. Ubaya ni kwamba kitufe cha kukatisha kazi kimewekwa pale pale, karibu na mkono wa mtu mwenye haraka.

Sasa tuigawe michakato hiyo katika mafungu, kama tugawavyo mazao mizanini.

Fungu la kwanza ni nguzo za nyumba. Majina yake ni smss.exe, csrss.exe, wininit.exe, winlogon.exe, services.exe na lsass.exe. Hizi hazifungwi kwa hali yoyote. Ukiiangusha csrss.exe, mashine yote husimama na kila kisichohifadhiwa hupotea. Lsass.exe ndiyo inayothibitisha majina na maneno ya siri ya waingiao. Dunia ilipata somo lake mwezi wa Mei 1, 2004 na siku zilizofuata, kirusi kiitwacho Sasser kilipoenea katika kompyuta za nchi nyingi. Kilipita katika tundu lililokuwamo ndani ya lsass, nayo ilipoanguka, mashine ilihesabu sekunde 60 kisha ikajizima na kujiwasha. Mshipi wa kuziba tundu hilo ulikuwa umetolewa na Microsoft tangu Aprili 13 mwaka huo. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa hawajauvaa.

Katika fungu hilo hilo tuiweke svchost.exe, ambayo huwatia watu hofu kwa kuwa jina lake hujirudia mara nyingi. Mtu huona nakala makumi akasema amevamiwa. Lakini svchost ni kama basi tu, na huduma za Windows ndizo abiria. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, mashine yenye kumbukumbu zaidi ya GB 3.5 huipa karibu kila huduma basi lake, ili moja ikiharibika zisianguke pamoja. Basi wingi wa jina hilo si ugonjwa.

Fungu la pili ni watumishi wanaoweza kupumzishwa na kurudi. Explorer.exe ikikwama, yafaa kuianzisha upya. Meza ya skrini hutoweka kitambo kisha hurudi. Spoolsv.exe ndiyo iangaliayo foleni ya kuchapa. Karatasi zikigoma kutoka, kuisimamisha huduma hiyo na kuianzisha tena mara nyingi hufungua njia. Pamoja na hayo, yapasa kwanza kuuliza kama kuna mwenzako anayesubiri malipo yake yachapwe.

Fungu la tatu ni wageni tuliowaita wenyewe: vivinjari, programu za mazungumzo, za muziki, za kupeleka picha mtandaoni, na vijiprogramu vinavyongoja matoleo mapya ya vitu tusivyovitumia. Hawa waweza kuagwa, lakini waagwe kwa adabu. Mgeni huambiwa kwanza kwa njia ya mlango wake, yaani hufungwa katika dirisha lake, ili ahifadhi alichoshika. Kitufe cha kukatisha ni cha mgeni asiyesikia. Tena kuna hadhari moja. Kivinjari hugawa kurasa zake katika michakato mingi yenye jina moja. Karani anayejaza taarifa katika MUVU, ule Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, naye akakatisha mstari mmoja wa kivinjari akidhani ni wa ukurasa wa michezo, aweza kuikata taarifa yake mwenyewe kabla hajaituma.

Fungu la nne ni mlinzi. Katika orodha huonekana kwa jina la MsMpEng.exe, na ndiye askari wa Microsoft Defender apekuaye virusi. Anapofanya msako, prosesa hupanda na mashine hulemewa, na hapo wengi hutaka kumfukuza. Ndugu zetu, nani kati yenu, akisumbuliwa na mbwa wake abwekaye usiku, atamchinja mbwa na kulala mlango wazi? Dawa ni kumpangia mlinzi saa za msako, ziwe za mapumziko na si za mizani.

Fungu la tano ni wajanja waliovaa kanzu za watu wema. Watunga virusi wamezoea kuiga majina ya nguzo. Badala ya lsass huandika isass, wakitumaini kwamba herufi ya i kubwa itafanana na l ndogo. Badala ya svchost huandika scvhost. Basi jina peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Tazama anwani. Lsass ya kweli hukaa katika folda ya System32 ndani ya Windows, nawe waweza kuiamuru Task Manager ikuonyeshe faili ilipo. Ukiikuta yenye jina hilo imejificha katika folda ya vitu vilivyopakuliwa, usidhani umemaliza kwa kuikatisha, kwa maana itaamka kesho. Kata mtandao wa mashine hiyo, na umwite fundi.

Tuseme pia neno kwa wale waonao mstari wa System Idle Process ukiwa na asilimia 95 au zaidi, wakasema huyo ndiye mwizi mkuu. Mstari huo ni kipimo cha uvivu tu. Husema kwamba prosesa haina kazi kwa asilimia hizo. Ni sawa na mtu kutazama debe tupu akalalamika kwamba utupu umejaa.

Baada ya mkasa ule tulijiwekea maswali matano, nayo yamebandikwa ukutani juu ya meza.

La kwanza: nani aliyemwita huyu? Kama tulimwita sisi wenyewe, twaweza kumwaga. Kama aliamka na mashine, tusimguse mpaka tumjue.

La pili: nani anayemtegemea? Mashine ya pembeni huenda haina mtu mbele yake, walakini meza mbili zaishi kwa pumzi yake.

La tatu: je, kila kilichoandikwa kimehifadhiwa? Asiulize moyoni, ainuke awaulize wenzake kwa sauti.

La nne: je, ni kweli huyu ndiye alemeaye mashine? Tazama kwa dakika chache. Anayepanda kwa sekunde tatu na kushuka si mlaji. Tena kutumia kumbukumbu nyingi si kosa, ikiwa kumbukumbu yenyewe haijaisha.

La tano: tukimfunga, atarudi? Kama hurudi kila asubuhi, dawa iko katika orodha ya wanaoamka na mashine. Humo humo ndani ya Task Manager mna ukurasa wa kuzuia programu zisizohitajika zisijiwashe. Kufanya hivyo mara moja, siku isiyo ya mizani, kwafaa kuliko kukatisha kila siku kwa hasira.

Na swali lolote kati ya hayo likikosa jibu, tunaiacha kazi hiyo ilivyo. Tunahifadhi maandishi, tunawaaga wenzetu, tunazima mashine kwa taratibu na kuiwasha upya. Kuwasha upya hufunga kila kitu kwa mpango wake, na aghalabu hutibu uzito ambao hatukujua chanzo chake. Daftari la mizigo nalo, likibidi kusimamishwa, husimamishwa kwa amri ya huduma yake baada ya makarani wote kutoka, si kwa kukatwa shingo.

Yapasa tukiri pia kwamba siku ile ugonjwa wenyewe haukuwa katika orodha. Fundi alipokuja aliona mambo matatu. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo kwa kazi tuliyoitwika. Programu ya daftari haikuwekewa kikomo cha kumbukumbu, ingawa kikomo hicho chaweza kuwekwa. Na feni ilikuwa imezibwa na vumbi letu la Dodoma, ambalo halibishi hodi; prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo ili isiungue. Basi karani alitafuta mwizi chumbani, na kumbe paa ndilo lililovuja. Kadhalika twawaarifu kwamba Microsoft iliacha matengenezo ya bure ya kawaida ya Windows 10 tangu Oktoba 14, 2025, na mashine yetu iliyobaki na mfumo huo imo katika makisio ya mwaka ujao. Twaomba mkiyafikia makisio hayo msikifute kifungu hicho mkidhani ni anasa ya ofisi.

Bwana Mwenyekiti, tumalizie kwa habari ambayo wazee waliopo hapa waijua kuliko sisi. Ushirika wa nchi hii nao uliwahi kuonekana kama jina geni katika orodha. Tume ya mwaka 1966 ilikwisha kuonyesha ubadhirifu katika vyama, na malalamiko ya wakulima hayakuwa ya uongo. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na kazi zake zikagawiwa vijiji na mamlaka za mazao. Ndipo ilipoonekana ni mambo mangapi yaliyokuwa yakiendeshwa chini kwa chini na vyama hivyo: kukusanya mazao, kusafirisha, kuleta pembejeo. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Naye Mwalimu Nyerere, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 1984, alikiri kwamba kuvunja ushirika ni jambo moja ambalo asingelirudia. Hatusemi kwamba wenye makosa waachwe. Waliokula waondolewe, na mahesabu yakaguliwe. Twasema tu kwamba kuona kitu kinakula si sawa na kujua kinafanya nini, na kwamba swali la nani anayekitegemea huulizwa kabla ya kukifunga, maana likiulizwa baadaye huulizwa na watu waliokwisha kupata hasara.

Kwa hiyo twaweka mbele yenu ahadi tatu. Ya kwanza, kila jioni ya siku ya mizani nakala ya daftari itawekwa katika diski ya pili, na diski hiyo haitalala katika jengo moja na mashine. Ya pili, hakuna mchakato wa mashine kubwa utakaofungwa bila kuandikwa katika kitabu: jina lake, saa, sababu, na sahihi za watu wawili. Kitabu hicho kitakuwa wazi kwa mwanachama yeyote atakayetaka kukisoma. Ya tatu, stakabadhi ya karatasi haitaondolewa mizanini, hata mashine ziwe nzuri namna gani.

Nanyi twawaomba jambo moja. Zitunzeni stakabadhi zenu mpaka mtakapolipwa, na mkisikia makarani wanauliza kwa sauti, "Wote mmehifadhi?", msigune kwamba wanapoteza wakati. Yule mama aliyetuuliza swali mlangoni bado huleta zabibu zake kwetu kila msimu. Huweka stakabadhi yake katika pindo la kanga, na kabla ya kuondoka huchungulia ndani na kutuuliza kama mtunza ghala yu macho. Twamjibu, "Yu macho, Mama." Twataka tuweze kumjibu hivyo kwa miaka mingine kumi.